Kiti cha Pembeni ya Mzee Gama

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura kusema, zamani ya juzi tu, Mzee Gama wa Songea alipasuliwa tumbo. Madaktari wakaitoa ncha ya utumbo nje, kando ya kitovu, na haja ikawa inashukia katika mfuko uliobandikwa kwenye ngozi.

Nesi Skolastika alikuwa mwema. Siku ya kumruhusu mzee alimkatia matundu ya mifuko yote, boksi zima, ili asihangaike nyumbani. Eusebia, dada wa mzee, naye alikuwa mwema. Kila asubuhi aliosha ngozi ile kwa sabuni ya waridi, akaipaka mafuta ya nazi. "Kaka yangu hatapauka," alisema.

Wiki ya sita ngozi ilichubuka, mfuko ukawa haushiki. Wageni wakaja kumjulia hali. Wote walikaa karibu na mlango, wote wakasema, "Mzee, kwako kunanukia udi." Nao walikuwa wema.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili binti yake Imakulata aolewe. Mzee akasema, "Sitampeleka kanisani. Mfuko ukibanduka mbele ya padri, nitahamia wapi?"

Ndipo akaja Nyenza, Mhehe, mtani wake. Akavuta kigoda mpaka magotini kwa mzee.

"Mngoni, unanuka. Babu zako waliiba ng'ombe wetu, wewe umeiba na zizi?"

Wageni wakatazama sakafu. Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu atoke hospitali, kisha akafunua shati. Nyenza akainama, akaitazama ngozi ile.

"Hili si la utani. Inuka twende kwa nesi."

Nesi akapima. Utumbo ulikuwa umenywea, kama ilivyo kawaida baada ya upasuaji, lakini matundu yalikuwa yaleyale ya siku ya kwanza. Haja ilipita pembeni ikaila ngozi. "Nilikata yote kwa mkupuo," alisema. "Kosa ni langu." Akakata tundu jipya, la kuukumbatia utumbo.

Kesho yake mfuko ukabanduka tena. Eusebia akaenda kwa nesi, akaiweka chupa ya mafuta mezani: gundi haikushika penye mafuta. Tangu hapo aliosha kwa maji matupu, akakausha taratibu, akabandika, akaukandamiza mfuko kwa kiganja mpaka gundi ipate joto.

Ngozi ikapona. Mzee akampeleka binti yake kanisani, mkavu.

Ukumbini, kamati ya harusi, baada ya vikao kumi na saba, ilikuwa imempa mzee kiti kimoja cha ziada pembeni yake, meza kuu. Akatangaza, "Hiki ni cha aliyenifikisha hapa."

"Basi ni changu," akasema Nyenza. "Bila mimi angekuwa ananukia udi mpaka leo."

"Tusi halikati tundu," akasema nesi. "Mimi ndiye niliyepima."

"Ulipima baada ya kuharibu," akasema Eusebia. "Tena mara moja. Mimi nimekandamiza kila siku."

"Na mafuta alipaka nani, mtani?" akauliza Nyenza.

Mgeni mmoja wa mlangoni akainua mkono. "Na sisi tuliomtunzia mzee heshima?"

Pilau inapoa. Bibi harusi anamtazama baba, baba anakitazama kiti. Mimi kila nikimkalisha mmoja, namwonea huruma aliyesimama. Ninyi mliosikia yote, je, nani akikalie?