Nyati na Jeti Yake Mpya

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama waliporuka angani kama turukavyo sisi leo, Nyati alinunua jeti. Leseni alikuwa nayo, lakini ya rubani binafsi, ya kurusha kindege cha injini moja siku ya jua.

Asubuhi moja akafika uwanjani na mkewe na ndama wao wawili.

"Nipisheni! Leo nawapeleka wanangu pwani!"

Kuchakuro, mwalimu wa marubani, mdogo kama kiatu, akasimama mbele yake. "Bwana Nyati, jeti inahitaji kibali chake. Usomee ndege ya aina hiyo, ujifunze kuruka mawinguni kwa kufuata vipimo vilivyo mbele ya rubani, kisha mtahini akupime. Hujafanya hata moja."

"Nina leseni! Na pembe ninazo! Kaa kando nisije nikakukanyaga!"

"Baba watoto," mkewe akanong'ona, "mimi naogopa."

"Kimya!"

Kuchakuro akawatazama ndama. Mdogo alikuwa akitetemeka.

"Haya, bwana mkubwa," akasema kwa upole. "Jeti imo kwenye banda lile. Wewe pitia mlango wa mbele, mama na watoto nitawapandisha nyuma."

Bandani giza tupu. Nyati akapanda ngazi kwa kupapasa, akajibana kwenye kiti cha rubani. Punde Kuchakuro akaingia, akafunga mlango. Ti!

"Wanao wako nyuma, wamefunga mikanda."

Nyati akawasha injini. Vuuuu! Njia ya kurukia ikakimbia mbele ya kioo, wakapaa. Nyati akaangua kicheko.

Mara wingu. Nje kukawa kweupe pe!

"Mbona sioni ardhi?"

"Soma vipimo."

"Kipi? Viko vingi!"

Ngurrrum! Ndege ikalala upande. Taa nyekundu zikawaka. Pii! Pii! Pii!

"Tunapanda au tunashuka?"

"Rubani ni wewe."

"Shika wewe! Kuchakuro, nakuomba! Wanangu wako nyuma!"

Wingu likapasuka. Mlima huo, mweusi, umejaa kioo kizima. Nyati akafumba macho, akawaita wanawe kwa majina.

Puuu!

Giza. Kimya.

"Tumekufa?" akauliza Nyati kwa sauti nyembamba.

Kuchakuro akafungua mlango. Chini palikuwa na sakafu ya banda. Kumbe ile haikuwa jeti! Ilikuwa mashine ya kufundishia marubani, imesimama juu ya miguu ya chuma inayoitikisa, na mlima ule ulikuwa picha tu kwenye kioo.

Nyati akatoka nje. Mkewe alikuwa juani, na ndama wanakula majani. Hawakupanda popote. Akawakumbatia mpaka wakalalamika.

"Umenidanganya," akamwambia Kuchakuro.

"Nimekudanganya, bwana. Ungepanda jeti yenyewe, leo tungewazika nyote."

Nyati akakaa chini vumbini, akapumua, akapumua tena.

"Masomo," akauliza, "yanaanza lini?"

Basi wanangu, anayebeba roho za wenzake na ajifunze kwanza kazi hiyo, hata awe na nguvu kiasi gani.