Vichwa-nyoka Watatu wa Sultani

Hii nimeletewa na shemeji yangu asubuhi nikiwa nakaanga maandazi. Maandazi yameungua, lakini hadithi imefika salama. Ukiimaliza, mpelekee yule jamaa yako anayejua kila kitu. Usimwambie kwa nini.

Palikuwa na sultani aliyefuga samaki katika matangi ya kioo. Masultani wenzake walipenda farasi. Yeye alipenda kichwa-nyoka, samaki mwenye mwili mrefu, kichwa kama cha nyoka, na tabia ya kuja juu kuvuta hewa kama mzee aliyemaliza ngazi.

Samaki hao hutoka mito mingi, na wa kila mto wana namna yao. Kwa hiyo desturi ya jumba ilikuwa kubandika kwenye kila tangi kibao chenye jina la mto. Kibao kikikosea, ni balaa. Sultani alikuwa na dume alilolivua mwenyewe katika Mto Sega, akaliita Bwana Harusi. Mwaka mmoja likaletewa mchumba mwenye kibao cha uongo, wa mto mwingine kabisa. Bibi harusi alimla mumewe mkia kabla ya chakula cha mchana.

Mkia ulipoota tena, sultani akatangaza: mchumba wa pili atachaguliwa na mtu mmoja tu, naye ndiye atakayesimamia matangi yote. Atakayeshindwa mtihani afungashe virago.

Wakajitokeza wawili. Wa kwanza ni Mwalimu Fumbwe, mtaalamu mgeni, aliyekuja na kioo cha kukuzia kikubwa kama sahani ya pilau. Wa pili ni Bi Mashavu, aliyesugua matangi ya jumba kwa miaka kumi na mmoja na hakuwa na kazi nyingine wala nyumba nyingine.

Sultani akawawekea matangi matatu, kila moja na kichwa-nyoka mmoja, bila vibao. "Wametoka mto gani?"

Fumbwe akainama mara tatu, akainuka. "Bwana wangu, hii ni kazi ya dakika mbili. Huyu mwekundu ni wa Mto Kundu. Tazama mapezi, kama yamechovywa kwenye mchuzi wa nyanya. Mweusi ni wa Mto Mlala, wenye matope. Na huyu wa rangi ya mchanga ni wa Mto Sega."

"Una hakika?"

"Hata mama zao nawajua."

Baraza likapiga makofi. Waziri alipiga kuliko wote, maana alidhani mambo yamekwisha na wali ulikuwa unapoa.

Bi Mashavu hakuangalia samaki peke yao. Aliangalia walipolala. Tangi la kwanza lilikuwa na majani makavu, maji yamekuwa kama chai ya rangi. La pili lilitandikwa kokoto nyeusi. La tatu, mchanga mweupe.

"Sijui," akasema.

Fumbwe akacheka kwa pua. "Miaka kumi na mmoja, dada yangu, na hujui?"

"Hiyo miaka kumi na mmoja ndiyo iliyonifundisha, Mwalimu. Samaki huyu huvaa rangi ya nyumba yake. Mhamishe kutoka kokoto umtie mchangani, baada ya siku chache mto wako umepotea. Mimi ningemuuliza aliyewavua."

"Na asipopatikana?" sultani akauliza.

Bi Mashavu akakunjakunja kitambaa chake cha kusugulia. Alijua huenda anajifukuza mwenyewe. "Basi kibao kibaki kitupu, bwana wangu. Kibao kitupu hakijawahi kumla mtu mkia."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamfunika macho. "Hakuna aliyewavua. Hawa ni ndugu wa tumbo moja, nimewazalisha kwa siri katika bafu langu. Hata mmoja wao hajawahi kuuona mto."

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya mkewe: "Na mimi huu mwezi wa nane naoga kwa kopo. Kama mtihani umekwisha, nirudishiwe bafu langu."

Waziri akamgusa Fumbwe begani. "Mama yao bado yumo bafuni. Kamsalimie, si mnajuana."

Fumbwe akaanza kukusanya virago, lakini Bi Mashavu akamwombea. "Mwacheni, bwana wangu. Macho yake ni mazuri. Ni ulimi tu unaoyatangulia."

Sultani akakubali. Basi Bi Mashavu, sasa msimamizi wa matangi yote, akaenda mwenyewe Mto Sega pamoja na wavuvi, akarudi na matope hadi kiunoni. Nyuma yake alikuja Fumbwe, amebeba ndoo yenye mchumba. Baada ya miezi miwili tangi la Bwana Harusi likajaa vitoto, na mkia wake mzima.

Siku moja mgeni akasimama mbele ya tangi jipya lisilo na kibao. "Na huyu ni wa mto gani, Mwalimu?"

Fumbwe akatia kioo chake mfukoni. "Sijui," akasema. "Ngoja nimwite Bi Mashavu."

Funzo: Kabla hujataja mtu ametoka wapi kwa rangi yake, tazama kwanza amelala wapi, na kama hujui, sema hujui, kuna mkia wa mtu unaokutegemea.