Kiboko na Farasi Wake Arobaini

Paukwa!

Pakawa!

Ziwa limejaa?

Limejaa!

Na sufuria?

Inalia!

Inalia nini?

Inalia samaki!

Hilo la sufuria mmeliitikia kwa nguvu, naona mnalijua. Sogeeni. Na nyie watu wazima mliokaa nyuma mkijifanya mmewasindikiza watoto, sogeeni pia, maana hadithi ni yenu.

Hapo zamani, wala si zamani sana, kulikuwa na mwalo kando ya ziwa. Ndipo wanyama walipopandisha samaki, wakaanika dagaa, wakagombana na wakaoana. Mwenyekiti wa mwalo alikuwa Kiboko. Nani alimchagua? Hakuna anayekumbuka. Siku ya uchaguzi alikaa juu ya sanduku la kura, na hakukuwa na wa kumnyanyua.

Kiboko alikuwa na kokoro, ule wavu mrefu unaozoa kila kitu mpaka mayai ya samaki. Mvua ikinyesha, anakokota. Jua likiwaka, anakokota. Kruu, kruu, kruu! Mwenyewe samaki hali, chakula chake ni majani. Samaki alikuwa akiwauza. Akakokota, akauza, akakokota, akauza, mpaka maji ya karibu yakabaki maji matupu.

Samaki waliosalimika wakahamia kilindini, mbali, kasia halifiki. Ukijitia kwenda kwa kasia, unafika mikono imekufa, na hao uliowavua wanaoza kabla hujaiona nchi kavu.

Sasa, kwenye mwalo huo aliishi Nguchiro. Mdogo, mwembamba, macho hayatulii. Alikuwa na watoto wengi na hana mume. Watoto wake walikula ugali kwa samaki. Samaki wakaisha, wakala ugali kwa chumvi. Chumvi ikaisha, wakala ugali kwa ahadi.

Nguchiro akawaita wenzake. "Jamani, tuchange tununue boti ya mashine. Ndogo tu. Ifike kilindini, irudi, tule."

Wakachanga. Bata akauza mayai. Kobe akauza kuni. Fisi Maji, shoga yake Nguchiro, akauza pete ya marehemu baba yake. Wakatia kwenye kibuyu, ngli, ngli, ngli, kikajaa. Na siku kilipojaa, nani akatokea?

Naam. Huyo huyo.

"Nasikia mna fedha," alisema Kiboko. "Fedha nyingi namna hii kukaa kwa wanyama wadogo ni hatari." Akakikalia kibuyu. "Boti nitawachagulia mimi. Mnasemaje?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, ndiyo!"

Fisi Maji akamnong'oneza Nguchiro: "Shoga, huyu si anaishi majini? Boti ya nini?"

"Nyamaza. Ukimuuliza atasema ni ya kwetu sote. Ikishakuwa ya kwetu sote, hatutaiona tena."

Wakaenda dukani kwa Ngedere. Ngedere alikuwa muuza boti, miwani nyeusi usoni, mkia umening'inia juu ya kaunta.

"Bosi wangu! Karibu sana, bosi! Hapa boti zote ni mpya, ukiacha zile zilizotumika."

Sasa mjue, Nguchiro alikuwa amekwisha kwenda pale siku moja kabla, peke yake. Alizigonga mbao, ko, ko, ko. Aliingiza pua ndani ya mashine akanusa oili. Aliuliza vipuri vinapatikana wapi. Aliuliza petroli ya kwenda kilindini na kurudi ni kiasi gani. Na boti yake aliiona: ya kijani, rangi imebanduka, tumbo kavu, haivuji. Mashine yake ilikuwa na nguvu za farasi tisa. Inakunywa kidogo, inafanya kazi kutwa, haipigi kelele. Alichokosa ni kibuyu tu, nacho kilikuwa chini ya makalio ya Kiboko.

Kiboko akasimama mbele ya mashine ile ile. "Hii ina nini?"

"Nguvu za farasi tisa, bosi."

"Farasi?"

"Farasi, bosi."

"Humo ndani?"

Ngedere alitaka kucheka. Akayatazama meno ya Kiboko, kicheko kikarudi kilikotoka. "Humo humo, bosi."

"Tisa tu? Mimi mwenyekiti nisukumwe na farasi tisa? Wenyeviti wenzangu watanielewaje? Lete wengi!"

"Ipo ya kumi na tano, bosi."

"Wengi!"

"Ipo ya ishirini na tano."

"Wengi, nimesema!"

"Ipo ya arobaini, bosi, lakini ile..."

"Hiyo hiyo!"

"Lakini bosi wangu, ile ni nzito. Inataka boti ndefu, na nyuma pawe na ubao mnene wa kuibeba. Ukinunua mashine ile, fedha ya boti ya namna hiyo hutabaki nayo."

Hapo ndipo Nguchiro alipopata upenyo. Akakohoa. Koho, koho.

"Samahani, Mheshimiwa. Mimi mjinga, sikusoma. Hao farasi arobaini wanakula nini?"

Kiboko akafikiri. Hilo alilijua. "Majani."

"Majani ya wapi, Mheshimiwa?"

Kiboko akajikuna shingo. Akayakumbuka majani ya ufukweni, mabichi, matamu, anayoyala yeye peke yake kila jioni. Akawaona farasi arobaini wakiyatafuna, kwacha, kwacha, kwacha. Jasho jekundu likamtoka shingoni.

"Wewe," alimwambia Nguchiro, "wenyeviti wa mialo mingine wanafanyaje?"

"Nasikia wana boti mbili, Mheshimiwa. Ya mbele anakaa mkubwa na farasi wake. Ya nyuma inabeba majani ya farasi, yanayotoka mbali huko. Ya majani inakuwa yoyote tu, mbovumbovu. Kama... sijui... kama ile ya kijani pale kwenye kona. Aibu tupu. Naona haya hata kuionyesha."

"Ni mbaya kweli," alisema Kiboko. "Na nani atakubali kuendesha takataka hiyo?"

"Labda mimi, Mheshimiwa. Mwingine nani?"

"Basi iwe yako kabisa! Mimi jina langu halitatajwa kwenye boti ya majani. Mnasemaje?"

"Ndiyo, Mheshimiwa, ndiyo!"

Kibuyu kikafunguliwa. Ikanunuliwa mashine ya farasi arobaini. Ikanunuliwa ile ya kijani na farasi wake tisa. Kilichobaki kikanunua boti ya Kiboko: ya plastiki, nyekundu, inang'aa kama pipi, nyembamba kama biskuti. Ngedere akafungua mdomo aseme neno. Nguchiro akamkanyaga mkia.

"Nyepesi hiyo, Mheshimiwa," alisema Nguchiro. "Itapaa."

"Itapaa?"

"Itapaa."

Ngedere akautazama mkia wake, akazitazama fedha, akafunga mdomo.

Ikaja siku ya uzinduzi. Utepe ukafungwa. Bata akaleta kwaya ya bata wenzake. Hotuba ikasomwa, ikasomwa, ikasomwa, mpaka watoto wa Nguchiro wakalala kwa njaa, wakaamka, ikawa bado inasomwa. Kisha Kiboko akapanda. Akakaa wapi? Nyuma kabisa, pembeni ya mashine. Alisema mwenye farasi hukaa na farasi wake.

Akavuta kamba. Chwaa! Kimya.

"Amkeni, nyie farasi!"

Chwaa! Ngrr... ngrrr... NGRAAAAA!

Pua ya boti ikaelekea mbinguni.

"Inapaa!" waliimba bata. "Inapaa! Inapaa!"

Kraa! Ubao wa nyuma ukachanika. Blu. Blu. Blublublu. Blup.

Pakabaki mapovu na kipande cha utepe.

Boti ya kijani ikayazunguka yale mapovu, tu-tu-tu-tu, wala haikusimama. Nguchiro na Fisi Maji wakaenda mpaka kilindini, wakatega, wakavua, wakarudi boti imejaa sato na sangara. Watoto wakala, wakalala mifupa mkononi. Bata akaletewa fungu lake akala. Kobe akaletewa akala. Mwalo mzima uliochanga ukala.

Kama mnataka hadithi ya kulalia, inukeni sasa hivi mkalale. Hamwinuki? Haya.

Kiboko hakufa. Kiboko azame wapi, na huko chini ndiko kwake? Alitembea taratibu kwenye tope, akatokea kwenye matete, pfuuu!, gugumaji limemkaa sikioni kama ua. Hata mkwaruzo hakupata. Kilichozama ni fedha za kibuyu.

Akaitisha mkutano. Akasimama mbele, akalia.

"Farasi wangu! Farasi wangu arobaini! Wamekufa maji wote, huku wakiniita jina!"

Wanyama wakatazamana. Kisha Bata akaanza kulia. Kobe akafuata. Kidogo kidogo mwalo wote ukawa unalia, wakiwalilia farasi waliowanunua wenyewe na ambao hakuna aliyewahi kuwaona hata kwato.

"Arobaini!" walisema. "Hata mmoja hakunusurika!"

Wakatandika mikeka. Wakaweka matanga. Na penye matanga, pana nini? Rambirambi. Bata akauza mayai tena. Kobe akauza kuni tena. Wakampelekea Kiboko, naye akapokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa kama mfiwa.

Matanga yale yalilishwa na nani? Na samaki wa Nguchiro. Siku hiyo Kobe alikuwa anatafuna sato, mate yanamtoka, akauliza: "Mimi sina ubaya na mtu. Nauliza tu. Mbona farasi wa Nguchiro hawakufa?"

Akameza, akaendelea.

"Tisa, wazima wote. Wa Mheshimiwa arobaini, wamekwisha wote. Inakuwaje?"

"Inakuwaje!" waliitikia.

Nguchiro akainuka. "Jamani. Hakuna farasi. Ni chuma na petroli. Amefunga mashine nzito kwenye boti nyembamba, halafu akaenda kukaa nyuma na uzito wake. Ngedere alitaka kusema, mimi nikamzuia, kwa sababu boti yoyote ambayo tungenunua angeichukua huyu, na watoto wangu wana njaa. Na wa kwenu pia."

"Anawatukana marehemu!" alilia Bata, mwiba wa samaki umekwama mdomoni.

Kiboko akapangusa machozi. "Mimi sina kinyongo. Farasi tisa hawawezi kuwarudisha arobaini. Lakini kwa kunipoza moyo, nitawapokea. Mnasemaje?"

Na wao, matumbo yamejaa samaki wake: "Ndiyo, Mheshimiwa, ndiyo!"

Nguchiro akawatazama mmoja mmoja. Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba.

"Nimesikia," alisema Nguchiro. "Ila niruhusuni nikawalishe kwanza. Hawajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Tumkabidhi mfiwa farasi wenye njaa, wageni watatuonaje?"

Hilo likawaingia. Adabu ni adabu.

"Nenda," alisema Kiboko. "Uwape majani laini."

Nguchiro akashuka ufukweni. Akawapakia watoto, akapakia wavu, sufuria na dumu la petroli. Fisi Maji akaja mbio nyuma yake.

"Panda, shoga. Visiwa vya huko mbele havina mwenyekiti."

Fisi Maji akatia mguu ndani ya boti. Akautoa. "Mama yangu ni mgonjwa, haondoki. Nikienda mimi, wataenda kumuuliza yeye."

"Mbebe."

"Anasema atazikwa hapa."

Nguchiro akashika kamba ya mashine. Fisi Maji akaweka mabega kwenye boti, akaisukuma mpaka ikaelea. Chwaa! Tu-tu-tu-tu. Tu-tu-tu. Tu-tu. Tu.

Msibani wakasubiri. Wakasubiri. Walipokuja kutazama, ziwa lilikuwa tupu. "Mwizi!" walipiga kelele. "Mwizi wa farasi!" Wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka, na jioni ile kwenye mwalo mzima hakukuwa na chungu kilichonuka samaki.

Watu husema Nguchiro alishinda. Alishinda. Kisiwani watoto wake walinenepa, wakasahau hata lugha ya mwalo. Yeye alizoea kupakua samaki wake na wa shoga yake, na sahani ya pili ilikuwa inapoa.

Na Fisi Maji? Mkutano wa pili, wa kumchangia Mheshimiwa mashine ya farasi sitini, alikuwa mstari wa mbele. Walimuuliza kama Nguchiro ni mwizi. Mama yake alikuwa amelazwa kwenye mkeka nyuma yao, anakohoa. Fisi Maji akasema ndiyo.

Hadithi yangu nimeivuta nchi kavu, nimeifunga kamba. Aliyeipenda aipande. Asiyeipenda asiitoboe, kuna wenzake hawajavuka.

Na funzo? Lipo, kwani mtalala bila funzo? Watoto, mkija kununua boti, tafuteni mashine kubwa kuliko boti yenyewe. Ikizama, mtachangiwa. Mkinunua ndogo inayotosha, ikaenda, ikarudi, mtaulizwa mlimroga nani. Na waheshimuni wakubwa siku zote, maana mnaona wenyewe: hawazami.