Mtoto wa Hinda Aitwe Nani?

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi asione haya, maana leo ni hadithi ya wakohozi.

Walikuwapo wanawake watatu, na sasa hawapo. Pesia alikuwa na moyo wa kutoa. Ukikisifu kitambaa chake cha kichwa, unaondoka nacho. Malka alikuwa na mkono wa kupika, hata viazi vitupu vikipita kwake unaomba sahani ya pili. Breina alijua kusoma kwa sauti, na akikusomea barua unamwona aliyeiandika amekaa mbele yako. Wa nne ni Hinda, ambaye hakuwa na kipawa chochote cha kutangazia watu. Yeye alikuwa mgonjwa tu, na hadithi hii ni yake.

Walikuwa Wayahudi, maskini waliokimbilia Amerika kutoka Ulaya, zamani zile dawa ya kifua kikuu haijapatikana. Mchana kutwa wengi wa maskini hao walishona makoti katika vyumba visivyo na dirisha, na mmoja akikohoa, wote wanakohoa. Tiba ilikuwa hewa safi, kupumzika na kula vizuri, basi. Mbali huko milimani, safari ya siku tatu kwa treni, Wayahudi wenzao walikuwa wamechangishana wakajenga hospitali ambayo mgonjwa halipi hata senti. Mungu awalipe. Lakini vitanda vilikuwa vichache, kwa hiyo watu waliandikwa kwenye orodha wakangoja, na wengine waliitwa wakati wameshazikwa.

Pesia alikuwa mama mkwe wa Hinda, mama yake Lemel, mume wa Hinda. Mkwe na mama mkwe walikohoa katika nyumba moja, lakini Pesia ndiye aliyeanza, naye alingoja miezi minane mpaka barua ya kumwita ikafika. Siku hiyohiyo alijifunga shali akaenda kwa wazee wa kamati iliyoshika orodha.

"Futeni jina langu, muandike la mkwe wangu," aliwaambia.

"Bibi, ukijifuta leo unarudi mwisho wa orodha."

"Najua. Andikeni."

Nyumbani alisema mengine kabisa. "Tumepewa nafasi mbili, mwanangu. Wewe tangulia, mimi naitwa mwezi ujao."

Hinda aliamini, kwa sababu hakuwahi kumsikia Pesia akisema uongo. Alipanda treni huku akimpungia mkono mama huyo, akimwonya asisahau kubeba soksi nzito.

Huko milimani alilazwa kwenye hema lililo wazi upande mmoja, theluji ikianguka hatua chache kutoka miguuni pake, blanketi tano juu yake. Haya aliyaweza. Kilichomshinda ni sinia la chakula. Nyama na maziwa vilikuja pamoja, na dini yake haikubali vikutane hata tumboni. Na nyama yenyewe haikuchinjwa kwa sharia yao. Walioijenga hospitali ile walikuwa Wayahudi wenye nafasi zao, watu wa kisasa, na katika mambo yote waliyoyafikiria, hilo halikuwapitia akilini. Daktari, Myahudi pia, alimwambia kuwa dini humruhusu mgonjwa kula chochote ili aishi. Hinda alilijua hilo. Koo lake ndilo lililokataa. Alikula mkate mkavu na chai, akazidi kukonda.

Malka alikuwa mjane aliyefua mashuka ya hospitali, mzima wa afya, hajawahi kukohoa. Aliuona ule mkate. Kesho yake adhuhuri alipanda kilima na sufuria ya supu ya kuku aliyechinjwa inavyotakiwa, sufuria ambayo haijawahi kuonja maziwa.

"Kula."

"Siwezi kula peke yangu, Bi Malka. Nyumbani tulikula pamoja na mama."

"Basi sogea, tule wote."

Wauguzi walimkataza. Aliwajibu kwamba shuka wanazolalia wagonjwa anazifua yeye, waache kumfundisha kuogopa. Miezi saba alipanda kilima kila siku, akakaa ukingoni mwa kitanda, wakala bakuli moja. Hinda alinenepa mashavu. Katika mwezi wa nane Malka alianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha haraka, na kabla majira ya baridi hayajaisha walimzika chini ya kilima. Hakuacha mtoto wala ndugu. Hinda alilia mpaka wakamfunga kitandani kwa shuka, wakiogopa mapafu yatatoka damu.

Wakati huo Hinda hakujua kwamba alikuwa na msiba mwingine.

Breina alilala kitanda cha jirani. Hinda hakujua kusoma, hivyo barua za Lemel zilipitia kwa Breina. Kabla Malka hajaanza kuugua ilikuja moja fupi: Pesia amefariki, bado yumo kwenye orodha. Breina aliisoma kimya. Alikumbuka onyo la daktari kwamba huzuni moja kubwa ingemmaliza jirani yake, akaikunja barua, akasoma isiyokuwepo.

"Mama anakusalimu. Nafasi yake bado imechelewa, lakini kikohozi kimepungua. Anauliza kama soksi zako zimetoboka."

Hinda alicheka kwa furaha. Basi kila Ijumaa alasiri, kabla ya kuingia Sabato, Breina alimsomea salamu za Pesia. Lemel aliandikiwa siri ile, naye akakubali kwa shingo upande. Wakati huo Breina mwenyewe alikuwa anaisha, na daktari alimkataza kusema hata neno moja. Hakusikia. Ijumaa ya mwisho alisoma kwa kunong'ona, akipumzika kila baada ya maneno mawili: "Mama... anasema... pona." Jumapili alifariki.

Hinda alipona. Alirudi mjini, akapanda ngazi za nyumba yao akiita, "Mama! Mama, nimekuja!" Lemel alifungua mlango, na Hinda akaona kiti cha Pesia kimewekewa nguo za kupiga pasi. Usiku huo Lemel alimsimulia yote, ya orodha na ya barua.

Miaka miwili baadaye alijifungua binti. Daktari alimwambia waziwazi: "Shukuru kwa huyu. Mimba nyingine mapafu hayo hayataivumilia."

Sasa nisikilizeni vizuri. Kwa watu wale mtoto hupewa jina la marehemu, ili marehemu aendelee kuitwa duniani. Binti hutajwa jina katika sinagogi siku ya Sabato, baba yake akiwa mbele ya kitabu cha Torati. Na Hinda alikuwa na mtoto mmoja.

"Mama yangu alikufa akingoja kitanda ulicholalia wewe," alisema Lemel. "Asipate jina?"

"Na Malka? Alikuwa mzima, Lemel. Nisipomwita mimi, hakuna mtu duniani atakayemwita."

"Basi awe Malka."

"Na Breina?"

Lemel aligeuka. "Breina alikudanganya."

"Alinidanganya. Nilicheka wakati wewe unaomboleza peke yako, na mpaka leo nina hasira naye. Lakini pumzi aliyobakiwa nayo alinimalizia mimi."

Namwona mjanja mmoja pale nyuma ananong'ona, mpeni yote matatu. Shangazi yake Lemel alipewa mawili. Watu walimwita la kwanza, na la pili halikusikika tena mpaka anazikwa. Hinda aliliogopa hilo kuliko kuchagua.

Asubuhi ya Sabato Lemel alivaa kofia. Alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Sitabishana tena. Utakalosema ndilo nitakalolitamka. Lakini niambie sasa, watu wananingoja."

Hinda alimtazama mtoto kifuani pake, akawa analia bila kujificha. Bila Pesia asingefika milimani. Bila Malka angekufa njaa mbele ya sinia lililojaa. Bila Breina angekufa kwa barua moja. Aliwapenda wote watatu, na wawili kati yao lazima awazike mara ya pili kwa mdomo wake mwenyewe.

Lemel ameshika kitasa cha mlango. Haya, ndugu zangu, kama wewe ndiye Hinda, ungemtajia jina gani?