Koti la Mwisho la Sekela

Hapo zamani, wala si zamani ya majitu, ni zamani ambayo baadhi yenu hapa mnaikumbuka, aliishi mshona makoti kwenye miteremko ya Rungwe, kule ambako baridi ya Juni humtoa mtu moshi mdomoni akizungumza. Jina lake Sekela. Mumewe aliitwa Ambakisye, mkulima wa chai, baba wa mtoto wao Ipyana. Koti la Sekela lilijulikana kwa mabega. Ukilivaa, unasimama wima hata kama hukutaka.

Sekela akaota uvimbe kwenye titi. Akapimwa mjini, ikaonekana ni saratani. Akakatwa titi. Baada ya hapo akaanza kutundikiwa dripu za dawa: anatundikiwa, anarudi nyumbani, anapata nafuu kidogo, anaitwa tena.

Dawa ile ilikuwa kali. Ilipigana na saratani, na Sekela naye akapigwa humo humo. Akatapika. Nywele zikabaki kwenye mto. Mdomo ukajaa vidonda, hata uji wa vuguvugu ukamchoma. Kucha zikawa nyeusi. Kisha ncha za vidole zikaanza kufa ganzi, akawa anashika sindano bila kujua kama ameishika.

Muuguzi aliwaita watu wa nyumbani, akawaambia, "Dawa hii inashusha kinga ya mwili. Mafua yenu ninyi yanaweza kumuua yeye. Na akipata homa, hata ndogo, msingoje. Mleteni saa hiyo hiyo."

Wakaitikia. Sasa sikilizeni nani alifanya nini.

Wa kwanza ni Tumpe, dada yake mkubwa. Alifunga nyumba yake akahamia kwa Sekela. Akachemsha maji, akafua mashuka, akaosha kila tunda kabla halijaingia ndani. Na akasimama mlangoni. Mwenye mafua, rudi. Mwenye kikohozi, rudi. Wanakwaya walikuja kumwimbia mgonjwa, akawaambia waimbie uani. Watu wakasema, "Tumpe anajifanya daktari. Tumpe anataka mdogo wake afe peke yake." Akaendelea kusimama mlangoni.

Siku moja akaja mama yao mzazi, ametembea kutoka kijiji cha pili, anakohoa.

"Mama, huingii," Tumpe akasema.

"Nimemzaa mimi."

"Najua, Mama. Huingii."

Mama akaliweka kapu la ndizi chini, akageuka. Tangu siku hiyo hajala chakula kilichopikwa na Tumpe.

Wa pili ni Ambakisye. Kuna siku Sekela alirudi kutoka kwenye dripu amechoka hata kulia hawezi. Akamshika mumewe mkono. "Baba Ipyana, basi. Niapie hutanirudisha tena kule. Kama ni kufa, nifie kitandani kwangu." Ambakisye akakataa. Sekela akambembeleza. Mwishowe akaapa, mbele ya Tumpe.

Haikupita wiki, homa ikaja. Ilikuwa mchana, jua linawaka, na Sekela anatetemeka chini ya mablanketi. Ambakisye akatoka mbio kwenda kutafuta gari, akarudi nalo.

Tumpe akamzuia mlangoni. "Shemeji, kule wodini watu wamejaa, wanakoholeana. Nimemlinda muda wote huu, leo ukamtie katikati yao? Tungoje kidogo, homa itashuka."

"Muuguzi alisema tusingoje."

"Na mwenyewe hataki. Uliapa!"

"Niliapa," Ambakisye akasema, akampita. Akambeba mkewe, akampakia kwenye gari la majani ya chai. Njia nzima, watu wa gari wakisikia, Sekela alikuwa akimwambia neno moja, "Mwongo. Mwongo. Mwongo." Ambakisye alimshikilia tu asigonge kichwa.

Hospitali wakampima damu. Kinga ilikuwa imekwisha kabisa, na vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Wakamtundikia dawa ya kuua vijidudu hapo hapo. Daktari akasema, "Mngengoja hadi kesho, mngekuja kuchukua maiti." Halafu akasema, "Sasa anahitaji chumba cha peke yake. Ninacho kimoja tu, na kina mtu."

Mtu huyo ndiye wa tatu. Aliitwa Lugano, mwalimu wa chekechea, mgonjwa wa saratani ya damu. Mlango ulikuwa wazi, akasikia. Kinga yake nayo ilikuwa imeshuka; sasa imeanza kupanda ila haijafika kiwango cha usalama. Daktari hakumwomba. Yeye mwenyewe akaita, "Nihamisheni wodini. Mleteni huyo mama humu."

"Lugano, bado hujawa tayari," daktari akasema.

"Yeye je, yuko tayari?"

Akahama. Sekela akalazwa pale, na baada ya siku kadhaa homa ikaachia. Lakini Lugano huko wodini alishikwa na nimonia. Alipona, ila pafu moja halikurudi sawasawa. Zamani alikuwa akiimba na watoto asubuhi nzima. Sasa akiimba ubeti mmoja, anakaa chini.

Sekela alipopata nguvu, daktari alimweleza ukweli. "Dripu zilizobaki zinaweza kukumalizia ugonjwa. Lakini hivyo vidole huenda visirudi. Naweza kupunguza dawa, ila sina uhakika kama itatosha. Uamuzi ni wako."

Sekela akaitazama mikono yake. Akamtazama Ambakisye, ambaye yeye Sekela hakuwa amemsemesha tangu siku ya gari. Akasema, "Nitundikie zote. Baba Ipyana, utanisindikiza."

Akatundikiwa zote. Alipopimwa, saratani haikuonekana. Nywele zikaota, mdomo ukapona. Vidole havikurudi.

Akajaribu kushona. Akajichoma asijue, akaona damu kwenye kitambaa kabla ya kuhisi maumivu. Akajua kwamba akienda polepole sana, akitumia macho badala ya vidole, anaweza kushona koti moja zuri. Moja tu, kisha auze cherehani. Akatoa kitambaa cha sufu alichokuwa amekitunza kwa miaka, akawaalika wote watatu chakula cha mchana.

Akasema, "Nataka nimshonee aliyenirudisha duniani. Nimewaza, nimeshindwa. Semeni wenyewe."

Ambakisye akasema, "Mimi nilivunja kiapo. Uliniita mwongo mbele ya watu, nikakubali. Niliona afadhali unichukie ukiwa hai. Nami nisingekubeba, hicho chumba kingekufaa nini? Shemeji alitaka tungoje."

Tumpe akasema, "Kweli, nilikosea saa ile. Lakini wewe uliiona homa moja. Homa ambazo hazikuja, nani alizizuia? Mdogo wangu angekufa mapema, ungembeba nani? Nimempoteza mama yangu akiwa hai. Hilo hamlioni kwa sababu halina kovu."

Lugano hakutaka kusema. Walipomsihi, akasema, "Ninyi mlimwokoa mtu wenu. Mimi sikumjua hata jina. Nilikuwa na kitanda salama nikakitoa."

Tumpe akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hata daktari hana uhakika kama nimonia uliipata wodini."

"Hana," Lugano akakubali. "Mimi pia sina. Lakini nilihama nikijua yanayoweza kunipata."

Sekela akasimama, futi kamba shingoni, chaki mkononi. Kitambaa kimetandazwa mezani, hakijakatwa. Kinatosha mtu mmoja, na mkasi ukishapita haurudishi.

Akawatazama mmoja mmoja, na hadi leo sijui alimwita nani asimame apimwe.

Haya, ninyi mliokaa hapa, futi kamba hii ingekuwa shingoni kwenu: je, nani alistahili koti?