Uyoga wa Waheshimiwa Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajua kusema na, kwa bahati mbaya, kujisifu, aliishi mjane aitwaye Mkawasi. Hakuwa na shamba wala mifugo. Alikuwa na watoto wawili, chungu kimoja, na mbuga iliyojaa mavi.

Msicheke. Mavi hayo ndiyo yaliyowalisha. Mvua ikinyesha, juma la kwanza uyoga mkubwa mweupe uliota kwenye mavi ya Ndovu. Juma la pili uliota ule mwembamba, kwenye mavi ya Punda Milia. Juma la tatu uliota mwekundu, mtamu kama maini, kwenye mavi ya Nyati. Mkawasi alichuma, akapika, watoto wakalala wameshiba.

Siku moja waheshimiwa hao walimsikia akiusifu uyoga. Vichwa vikavimba.

"Mavi yangu hayana mfano," akasema Ndovu.

"Mavi yangu hayana mfano," akasema Punda Milia, ambaye hajabadili nguo tangu azaliwe.

"Mavi yangu hayana mfano," akasema Nyati, na huyo hakuna aliyembishia.

Wakakubaliana, kwa hekima yao kubwa, kwamba Mkawasi aonje na aamue. Mwenye uyoga bora atamiliki mbuga, wengine wahame.

Mkawasi akapiga hesabu. Akimchagua mmoja, chungu kitainjikwa juma moja tu, kisha wanawe wafe njaa. Akikataa, pembe za Nyati ziko pale pale. Aliogopa sana.

Mvua ikanyesha. Kila mshindani akasimama kulinda mavi yake yasikanyagwe. Ndovu aliyatilia kivuli kwa masikio. Majuma matatu hawakwenda malishoni, walitafuna majani yaliyofikiwa na midomo tu. Wakakonda kwa heshima zote.

Mkawasi akapika uyoga wa Ndovu, wakala na wanawe. Akapika wa Punda Milia, wakala. Akapika wa Nyati, wakala mpaka watoto wakalamba chungu.

"Haya, mama, nani kashinda?" akauliza Nyati.

"Wazee wangu, jambo zito hili haliamuliwi kwa msimu mmoja," akasema Mkawasi. "Tena mmekonda. Mkiwa na njaa hivi mtatoa mavi gani? Nendeni mkale, tuonje tena mvua zijazo."

Kisha akamvuta Ndovu kando, akamnong'oneza, "Umebakiza kidogo tu ushinde. Usiwaambie wenzako." Akamnong'oneza Punda Milia hivyo hivyo. Akamnong'oneza Nyati hivyo hivyo.

Wakaenda kula kwa bidii, kila mmoja akiwahurumia wenzake. Mvua zikaja, zikaja tena, zikaja tena. Wana wa Mkawasi wakakua, wakanenepa, wakapata watoto wao. Hukumu haijatoka hadi leo. Na kila asubuhi, pale mbugani, waheshimiwa watatu wakishamaliza haja zao hugeuka nyuma, wakayatazama kwa fahari.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye njaa na asubiri mvua.