Aliyeguswa na Anyanyue Mkono

Wapendwa, wekeni simu chini kidogo, maana kisa hiki kimenisumbua wiki nzima na leo lazima nikitue kwenu.

Palikuwa na mwalimu mmoja wa michezo. Kipindi chake kilikuwa cha rede: mtoto yuko katikati anajaza chupa mchanga, wenzake wawili wanamrushia mpira kutoka huku na huku. "Kwangu hakuna refa," aliwaambia. "Mpira ukikugusa, hata upindo wa sketi tu, nyanyua mkono utoke mwenyewe. Mtanishukuru ukubwani." Watoto walibisha, wengine wakalia, mwisho wakazoea. Mwalimu akawa anatembea kifua mbele.

Ikaja siku ya mashindano na shule jirani. Wazazi wamejaa, mwalimu mkuu kakaa mbele, kombe liko mezani. Binti wa mwisho wa timu yake yuko katikati, chupa imebakiza vidole viwili kujaa, na ikijaa wameshinda. Mwalimu hakai! Anakwenda, anarudi, anatafuna kamba ya filimbi. Mara mpira ukapita, ukagusa upindo wa sketi. Nani aliona? Wawili tu, yule binti na mwalimu wake.

Mkono wa binti ukaanza kupanda. Ninyi mngefanyaje?

"Shusha mkono!" mwalimu alifoka. "Jaza chupa!"

"Lakini mwalimu..."

"Jaza, nimesema!"

Binti akainama, akajaza. Wakashinda. Mwalimu akabebwa juu juu, lakini raha hakuipata, kwa sababu kila alipomtafuta binti kwa macho, binti alitazama chini.

Wiki iliyofuata, mpira ukavunja kioo cha ofisi. "Nani karusha?" Hakuna mkono ulionyanyuka. Mwalimu akazunguka, jasho linamtoka. "Jamani, mmesahau sheria yetu?"

Yule binti akasema taratibu, "Hatujasahau, mwalimu. Tunangoja utuambie leo tunyanyue au tushushe."

Na sisi je? Tunamfundisha mtoto kusema kweli, kisha mgeni akibisha hodi tunamnong'oneza, "Mwambie baba katoka." Tunamchapa kwa uongo tuliompa sisi wenyewe! Leo mkifika nyumbani, msianze na mtoto. Mwalimu yule alipaswa kunyanyua mkono wake kwanza, mbele ya darasa, kabla ya kuuliza habari za kioo.

Mimi ninayewahubiria nimeguswa mara nyingi nikajifanya sikuguswa. Mkono wangu huu hapa, nimeunyanyua. Wako uko wapi?